Sifa Nilichukua Mimi, Fimbo Ikamupata Yeye

Mimi ni mutu mubaya. Naanza na hiyo kwa sababu sitaki mutu asome nusu ya hii habari kisha aanze kunihurumia. Musinihurumie! Nilimuibia mutu kazi ya mikono yake, na siku watu wenye hasira walikuja kutafuta mwenye ile kazi, nikawapeleka mpaka ku mulango yake. Kwa miguu yangu mwenyewe. Mchana, jua inawaka, watu wa Nyakasanza, mutaa yetu hapa Bunia, wananiona.

Sikilizeni kwanza, kisha munitukane. Niko tayari.

Huyo mutu nitamuita Ukelo. Haiko jina yake, lakini watu wa Bunia watamujua tu, juu kazi yake iko mbele ya macho yao kila siku. Ile mwanamuke mwenye misuko ku mulango ya salo ya nywele, ile mama anapima mutoto homa ku ukuta ya sante, kituo ya afya, Njia ya Musalaba muzima ndani ya kanisa moja ya hapa: ni yeye. Na kama mutu amekufa, familia iko na foto moja tu ya zamani yenye kuharibika, walimupelekea Ukelo. Siku ya matanga marehemu alikuwa anaangalia watu kama anataka kuongea. Niliona wamama wanalia sana mbele ya ile tablo kuliko mbele ya sanduku.

Ukelo ni mutoto wa Mahagi-Port, kando ya ziwa. Baba yake alikuwaka anakausha samaki na moshi, na yeye alianza kuchora na makaa ku ukuta ya ile nyumba ya kukaushia. Walimupiga sana juu ya ile makaa! Kisha wenye mitumbwi wakaona mukono yake, wakamuita awachoree mamba, ndege, bikira Maria, chochote, ku mbavu ya mitumbwi yao. Hiyo ndiyo ilikuwa masomo yake. Alifika Bunia kijana, na mufuko ya pinso za kupakia rangi, basi.

Lakini musifikiri nawaelezea malaika. Hapana! Ukelo alikuwa na kiburi na mudomo mubaya. Pasta mumoja alikuja kuchorwa, akaomba apunguziwe tumbo. Ukelo akamuambia mbele ya bibi yake: "Papa Pasta, tumbo haipunguzwi ku tablo. Inapunguzwa ku meza." Pasta akaondoka na hasira. Na nani alikimbia nyuma yake kuomba musamaha? Mimi!

Siku zote mimi.

Juu mimi nilisoma. Niko na diploma, niko na Kifaransa, najua ordinateri, ile kompyuta. Tulikuwa na atelie moja siye wawili, chumba ya mbao kando ya barabara. Yeye anachora watu, mimi naandika herufi za butike na farmasi. Herufi zangu zilikuwa safi, hakuna mutu atasema kinyume. Lakini mukono ya mutu? Nilishindwa! Nikichora mukono inatoka kama kichane ya ndizi. Na Ukelo hakunifichia. Alisimamisha wapita njia. "Njooni muone, ndeko yangu, huyu ndugu yangu, amevuna tena ndizi!" Watu wanacheka, na mimi nacheka pamoja nao. Ndani nilikuwa nawaka moto.

Ndiyo, nilimuchukia. Tulikula sahani moja, bibi yangu na bibi yake walisaidiana kila siku, na mimi nilimuchukia. Nilichukia hata namna alikuwa anapiga muluzi akichora, kama kitu yenye mimi nashindwa kwa jasho, yeye anaifanya akipumzika.

Basi ikakuja shirika moja. Walitaka kitabu ya watoto wa shule ya musingi, yenye michoro mingi kuliko maneno, juu ya watoto wenye wanaacha masomo na kuingia mu mashimo ya dhahabu. Mwenye kuongoza kazi alikuwa Madamu mumoja wa kutoka Kinshasa. Nitamuita Madamu Solange. Alifika ku atelie siku Ukelo hayuko. Akaangalia michoro yenye ilitundikwa ku mbao, akainama karibu, akatoa miwani, akaivaa tena.

"Ni weye ulichora hizi?" akaniuliza na Kifaransa.

Mudomo yangu ikasema: "Ndiyo, Madamu."

Oneni! Hakuna mutu alinilazimisha. Hata sikufikiri. Ile neno ilitoka yenyewe, kama ilikuwa inangoja mulangoni siku mingi.

Ukelo nilimuambia ingine. Nilimuambia shirika imetupa kazi siye wawili, yeye achore, mimi nipeleke ku biro, ofisi yao, juu ya mambo ya Kifaransa. Akakubali mbio. Hakupendaka biro, alisema ile viti yao inamukalisha kama mushitakiwa.

Na alifanya kazi, Mungu wangu! Alipanda moto, pikipiki, akaenda Bambu ku mashimo, akakaa kule na krezeri, wale wachimbaji wa dhahabu. Alilala kwao, akakula kwao. Alirudi mwembamba, anakohoa, na bunda ya karatasi, zingine za mifuko ya simenti, vumbi nyekundu ndani ya kila moja. Alienda kuoga, na mimi nikazifungua.

Mutoto anatoka ku shimo, macho tu ndiyo meupe. Vidole vya muzee juu ya karai, vinatafuta mu mchanga. Wanaume wanasali kando ya shimo moja, huyu ku mukeka, huyu na rozari, kabla ya kushuka pamoja. Wote walikuwa watu. Hata mugongo ya mutu ungesema, huyu namujua.

Na moja, oh, ile moja! Ilikuwa PDG, ndivyo kwetu tunawaita mabosi wa mashimo. Amesimama tumbo mbele, kofia ya ngozi, sikio moja imekatika nusu, na anasukuma mutoto ndani ya shimo na muguu. Bila hasira. Kama mutu anasukuma mulango.

Ukelo alirudi na taulo ku shingo, akaninyanganya ile karatasi.

"Hii haiko ya kitabu."

"Juu ya nini? Ndiyo nzuri kuliko zote!"

"Ni mutu wa kweli, weye! Hii sikio, Bambu nzima inaijua. Hii nilichora juu nisisahau. Ya kitabu nitachora ingine, mutu mwenye hayuko popote."

Na akachora ingine. PDG wa kufikiria, masikio mbili, kofia ya kawaida. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Lakini haikukuuma ukiiangalia. Ile ya kweli aliipanga chini ya zingine, fasi, pahali yenye nilikuwa najua.

Niliichukua. Nilipeleka zote mbili kwa Madamu Solange. Akaona ile ya kweli, akaweka mukono ku mudomo.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo itabeba kitabu nzima. Uliitoa wapi?"

Pale ningeweza kusema, Madamu, mwenyewe amekataa, iko na hatari. Ile dakika ilikuwa yangu. Unajua nilijibu nini?

"Ilinitesa sana, Madamu, kuichora."

Mushenzi mimi! Mushenzi wa mwisho!

Kitabu ikatoka. Walifanya sherehe mu sale moja, ukumbi yenye viti ya plastiki, soda, hotuba. Jina yangu ilikuwa juu ya kitabu, kubwa, peke yake. Walinipigia makofi nikasimama, nikaweka mukono ku kifua, nikainamisha kichwa kama mutu munyenyekevu. Ukelo sikumuambia kama kuko sherehe. Nilimulipa kitu kidogo, nikasema shirika haina pesa.

Mimi nilifikiri hataona. Bunia ni kubwa, nilisema. Upumbavu! Ile kitabu ilikuwa ya shule, na yeye iko na mutoto shuleni. Divine, binti yake, akarudi nayo ku nyumba, anafurahi, anaonyesha baba yake: "Papa, angalia, michoro kama yako!"

Alifika ku atelie na ile kitabu mukononi. Hakupiga kelele kwanza. Aliifungua ku ukurasa ya PDG, akaiweka juu ya meza yangu.

"Jina, hata hiyo ningekula nayo na hasira," alisema. "Lakini hii? Nilikuambia nini juu ya hii?"

"Madamu aliipenda."

"Madamu analala Bambu? Weye unalala Bambu? Watu wenye walinipa fasi ya kulala ndio wako kule!"

Na mimi, badala ya kupiga magoti, unajua nilifanya nini? Nilikasirika! Mwizi ndiye alikasirika! Nilimuambia bila mimi angekuwa bado anachora mamba ku mitumbwi. Nilimuambia hajui hata kuandika jina ya mutaa yake bila kosa. Nilimuambia ashukuru.

Aliniangalia, kisha akacheka ile kicheko yake yenye nilikuwa nachukia.

"Endelea na ndizi zako," akasema.

Akakusanya pinso na rangi zake, akahamia ku nyumba yake, akaanza kufanya kazi mu parseli, uwanja ya nyumba, chini ya mabati. Hatukusalimiana tena. Bibi yangu akaniuliza kuko nini kati yenu. Nikamuambia Ukelo ameanza kunionea wivu. Wivu! Nilisema hivyo, na mudomo yangu haikuungua.

Kumbe ile kitabu ilikuwa imefika Bambu.

Kule watoto ndio waliona kwanza. Wakaanza kumuchekelea PDG njiani, wanajifunika sikio moja na mukono akipita. Wachimbaji wake pia wakacheka. Mutu kama yule unaweza kumuibia, unaweza kumutukana. Kumufanya achekwe mbele ya watu wake, hapana.

PDG alifika ku atelie yangu asubuhi, na moto kadhaa nyuma yake, vijana wenye vifua. Nilimujua kabla hajashuka, maana nilikuwa nimeangalia ile desini, ule muchoro, kuliko sura ya baba yangu. Kofia ya ngozi. Sikio. Hata namna ya kusimama, tumbo mbele. Ukelo hakukosea hata nywele.

Alitoa kitabu mu koti, akasoma jina polepole, kidole chini ya herufi.

"Ni weye?"

"Jina... jina ni yangu, patro."

"Basi ni weye ulinichora nasukuma mutoto na muguu."

Kijana moja alikuwa ameshachukua tindo yangu ku meza, anaizungusha mukononi, anangoja tu neno.

Na pale, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu ile kazi ianze, nilisema ukweli.

"Haiko mimi! Mimi sijui kuchora, patro! Angalia!" Nikachukua kreyoni, nikachora mukono mbele yao, vidole yote imevimba. Vijana wakaanza kucheka. "Mwenye alichora anaitwa Ukelo. Mimi niliandika jina tu."

PDG hakucheka.

"Tupeleke," akasema.

Ningeweza kuwadanganya, kuwapeleka fasi ingine. Ningeweza kupita soko na kupiga kelele. Ningeweza kusema amehama, amekufa, amevuka ziwa! Uongo yangu yote, uongo yenye nilikuwa natumia kila siku bila taabu, siku ile niliikosa. Nikatembea mbele. Watu walinisalimia njiani, nikaitikia. Nikafika ku mulango yake, nikanyoosha kidole.

"Ni hapa."

Ukelo alikuwa anachora marehemu wa familia moja, mugongo yake kwetu, anapiga muluzi. Walimushika. Mama Divine, bibi yake, akatoka mu jiko na mwiko mukononi, wakamusukuma akaanguka. Walitoa tablo zote mu nyumba, na ile bunda ya karatasi za Bambu, wakazirundika katikati ya parseli, wakazimwangia petroli. Walichoma hata yule marehemu, rangi yake bado mbichi.

PDG akamuuliza: "Ulinichora?"

Ukelo hakukana. Ningekana mimi, yeye hakukana!

"Nilikuchora," akasema. "Lakini sikukuweka mu kitabu." Kisha akageuza shingo, akaniona nimesimama pale barabarani. "Waambie! Waambie nani aliweka ile karatasi! Waambie nilikataa!"

Wote wakaniangalia. PDG pia. Alikuwa anangoja kabisa, naapa alikuwa anangoja. Kama ningefungua mudomo, ile fimbo ingebadilisha njia, ingekuja kwangu, fasi ilipashwa kwenda.

Nikaangalia chini.

Waliweka mukono yake ya kuume juu ya jiwe ya kufulia nguo. Sitaeleza zaidi. Mama Divine alipiga kelele, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea. Sikukimbia hata. Nilitembea kama mutu amemaliza kazi.

Ku hopitali walimufunga platri ya mifupa. Ilipotolewa, vidole vilibaki vimekunjama. Anaweza kushika kikombe. Pinso nyembamba, hapana. Kushitaki aliogopa, iko na watoto. Wakauza vitu kidogo yenye ilibaki, wakarudi Mahagi-Port.

Na mimi? Musifikiri nilibaki na raha. Madamu Solange akaniita tena. Shirika inataka kitabu ya pili, na kabla ya hapo nifike ku shule moja, nichore mbele ya watoto, waone kazi inafanywa namna gani! Nilifika. Walinipa chaki, ubao kubwa, darasa imejaa mpaka ku madirisha. "Utuchoree mama anabeba maji," mwalimu akasema. Nikasimama pale. Nikachora mama. Mutoto moja mbele akauliza kwa sauti: "Madamu, juu ya nini mama iko na ndizi ku mikono?"

Darasa ilianguka na kicheko. Madamu Solange hakucheka. Aliniangalia, akaangalia ubao, akafungua kitabu, akaangalia tena ubao. Sikungoja aniulize. Nilisema tumbo inaniuma, nikatoka, na hajaniita tena mpaka leo.

Nyakasanza nzima ilikuwa imeshajua. Bibi yangu alisikia kwa Mama Divine mwenyewe, kabla familia ya Ukelo haijaondoka. Alirudi, akakaa mbele yangu, akasema: "Mimi nilikula kwa ile mwanamuke nikiwa na mimba yako." Basi. Tangu siku ile ananipa chakula, ananifulia, lakini haniiti tena na jina. Na njiani wananiitaka Bwana Kidole. Wateja wamekwisha. Nani atapea kazi mutu kama mimi?

Nikaenda Mahagi-Port kuomba musamaha. Nilibeba sukari, sabuni, kitenge ya Mama Divine. Huyu ndiye alinipokea. Hakunipa kiti. Alichukua ile mufuko, akaitazama, akaiweka chini kwa mbuzi.

Ukelo alikuwa nyuma ya nyumba, anageuza samaki juu ya moshi na mukono ya kushoto. Amenenepa kidogo. Nilianguka chini, nikaongea yote, nikalia. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Nipe mukono."

Nikafikiri amenisamehe! Nikanyoosha mukono mbio, na machozi ya furaha. Hakuishika. Aliiangalia tu, juu na chini, namna alikuwa anaangalia mikono ya watu sokoni kabla ya kuichora.

"Iko nzima," akasema. "Na haina kazi."

Nikamuambia: "Ndeko yangu, sema unataka nini, nitafanya."

"Jina yako waliiandika kubwa, watu wakapiga makofi. Sasa uiandike tena kubwa, useme ulifanya nini. Kule Bunia. Na Bambu pia, PDG asikie kama mimi nilikataa. Watoto yangu warudi ku masomo bila kuogopa. Ni hiyo tu. Sabuni sihitaji."

Nilimuapia. Nilipanda gari ya kurudi na ile kiapo mu kifua, na karibu na Bunia ilikuwa imeshapungua.

Weye mwenye unasoma, labda iko kazi ya mwengine yenye unapokea sifa yake sasa hivi, ku biro, ku kanisa, mu nyumba. Unasema ni kitu kidogo, nitarekebisha kesho. Rekebisha leo, wakati bado ni makofi! Siku makofi itageuka fimbo, utajua weye ni nani, na hautapenda kumuona yule mutu. Mimi nimemuona. Naamka naye.

Munaona nimeeleza yote: PDG, Madamu, Ukelo, sikio, jiwe. Sasa tafuteni jina yangu mu hii habari. Haiko. Nilikaa na kalamu, nikaandika herufi ya kwanza, nikakumbuka zile moto za PDG, nikaifuta.